Baiskeli ya Babangu



Watu wetu wa Mombasa wakija kututembelea hapa Kibwezi, aghalabu jambo la kwanza linalowashangaza si joto wala mibuyu, bali ni kuniona mimi, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, nikiingia uani juu ya baiskeli nikiwa na buibui langu mwilini na mtungi wa maji nyuma. Shangazi yangu mmoja, Mwenyezi Mungu amhifadhi, alijifunika uso kwa mtandio kana kwamba ni yeye aliyeonekana. Mishangao hiyo nimeizoea. Ninayotaka kuyaeleza leo ni mengine: jinsi nilivyoiacha baiskeli niliyoipanda kwa zaidi ya miaka 14 nikachukua nyingine nyepesi, na kwa nini uamuzi ambao mtu angeudhania ni wa nusu saa ulinichukua zaidi ya mwaka mzima.

Baiskeli yenyewe ni ya babangu. Ni Raleigh nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, aliyoinunua Mombasa mwaka 1979, mimi bado sijazaliwa. Ina kiti cha ngozi chenye springi, breki za fito za chuma, taa ya dinamo, na boksi la bati lililoufunika mnyororo wote pasibaki hata tundu. Karia ya nyuma aliiongezea vyuma kwa fundi wa kuchomelea, kwa kuwa ile ya kiwandani haikutosha kwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa uchuuzi. Alichukua bidhaa pwani, kanga, vikoi, kofia za mkono, uturi na udi, na tende siku za Ramadhani zikikaribia, akazileta kwa gari moshi mpaka Kibwezi, kisha akazifunga kwenye karia kwa mipira ya tyubu kuukuu na kwenda kuzitembeza Ukambani. Alivuka Mto Athi, akapita Ikutha, Mutomo na Ikanga, hata akafika Kitui mjini, ambako ndugu Waislamu walimlaza na kumlisha kama mtu wa nyumbani. Mzunguko mmoja ulimchukua siku nane au tisa. Lami wakati huo haikuwako. Ilikuwa ni vumbi jekundu, mchanga, na miiba ya migunga.

Sisi watoto tuliijua njia ile kwa masimulizi kabla ya kuiona kwa macho. Babangu alijivuna kuwa anaifuata njia ya wazee, ila wao waliteremka nayo na yeye anaipanda. Maana Wakamba walikuwa wasafiri wa masafa marefu kabla reli haijawazwa, wakileta pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga. Na Krapf, yule mmisionari wa Rabai, alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo. "Mimi ni Kivoi wa magurudumu mawili," babangu alikuwa akisema, na mamangu akimjibu kuwa Kivoi alikuwa na wapagazi, yeye ana mke tu wa kumkanda mgongo.

Mwaka 2010 nilipata kazi ya ualimu katika shule iliyo kiasi cha kilomita saba kutoka nyumbani. Matatu hazikuwa zikienda upande ule, na pikipiki kila siku ingeula mshahara wote. Babangu alikuwa ameshauacha uchuuzi, magoti yakiwa yameanza kumsumbua. Siku moja baada ya swala ya laasiri aliitoa baiskeli ndani, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akaniita mbele ya mamangu na ami yangu, akasema: "Mwanangu, hii nimekupa. Sikuazimi, nimekupa." Maneno hayo matatu ya mwisho niyaweke hapa, kwa maana nitayarudia.

Sifa zake sitazificha. Baiskeli ile haijapata kunilaza njiani kwa kuvunjika. Tairi zilitobolewa na miiba mara zisizohesabika, lakini fundi yeyote chini ya mti wowote, kutoka Makindu hadi Mutomo, alikuwa na vipuri vyake, na asipokuwa navyo aliweza kuvifua kwa nyundo. Niliibebesha mitungi mitatu ya lita 20, yaani kilo 60 za maji, nikiisukuma kwa mkono, wala haikulalamika. Lile boksi la mnyororo ndilo lililoniwezesha kuipanda nikiwa na buibui bila ya pindo kuliwa. Nani aliyewawazia wanawake wenye mavazi marefu alipolibuni sijui, lakini nimemwombea kheri mara nyingi.

Ila ilikuwa baiskeli ya mwanamume tena ya mwanamume mrefu. Lile bomba la juu lilinilazimu nivae suruali pana chini na kupanda nikiwa nimesimama juu ya jiwe. Kushuka ilikuwa ni kuruka. Nilipokuwa na mimba, mara zote tatu, niliiacha baada ya mwezi wa nne na kutembea kwa miguu, alfajiri nikitoka na jua likinikuta njiani. Baada ya mtoto wa tatu, ambaye alizaliwa kwa upasuaji, daktari alinikataza kunyanyua vitu vizito. Nilimjibu ndiyo, nikarudi nyumbani, na miezi mitatu baadaye nikawa nainyanyua baiskeli ile kuipitisha kingo za korongo kama kawaida.

Kuhusu mwanamke kupanda baiskeli niseme maneno machache tu, kwa kuwa najua yataulizwa. Stara ni wajibu, na kila mmoja wetu atajibu kwa Mola wake jinsi alivyojistiri. Lakini kipando chenyewe hakijawahi kuwa haramu kwa mwanamke. Imesimuliwa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (s.a.w.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi, akiwataja kwa kupanda kwao ngamia na kwa huruma yao kwa watoto. Na mwenye kwenda Unguja, akafika Paje na Jambiani, atawaona kina mama na wasichana wenye mabuibui na mitandio wakiendesha baiskeli barabarani pasina mtu kugeuza shingo. Shangazi nilimweleza hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Haya, lakini usiende mbio."

Sasa nije kwenye mto.

Wasomaji wa Mombasa mnaokunywa maji ya Mzima mnajua kuwa mvua inayozama katika mawe meusi ya milima ya Chyulu hutokea chini ikiwa chemchemi safi. Neema hiyo huishia upande wetu wa Kibwezi. Ukielekea mashariki, kwa Athi na Kitui, mito mingi ni ya mchanga. Kwa miezi unaiona mito mikavu, watu wakichimba visima ndani yake na punda wakisubiri zamu. Kina mama wa Kikamba, katika vikundi vyao vya mwethya, wamejenga kuta za mawe na saruji kukingama mito hiyo ili mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yabaki ndani ya mchanga, jua lisiyapate. Ni hekima ambayo nimeiona kwa macho yangu ikibadilisha maisha ya kijiji kizima. Lakini mto huo huo wa mchanga mvua ikinyesha vilimani unakuja bila hodi. Juu yako mbingu zinaweza kuwa kavu kabisa. Wengi tunalikumbuka basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, lililosombwa na mto Enziu karibu na Mwingi mwezi wa Desemba 2021. Watu zaidi ya 30 walikufa maji mbele ya macho ya waliosimama ukingoni.

Katikati yangu na shule kuna korongo la namna hiyo, si pana, hatua hamsini au sitini. Novemba 2023, mwaka ule wa mvua za El Niño, nilikuwa narudi nyumbani alasiri. Mvua haikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mchanga ulikuwa umelowa na kulainika, na nyuma ya karia nilikuwa na furushi la madaftari ya mitihani. Nilishuka, nikaanza kusukuma. Nilipofika katikati gurudumu la mbele lilizama mpaka karibu na hab. Nikavuta, likazama la nyuma.

Ndipo niliposikia sauti ambayo kwanza niliidhania ni lori. Kingoni palikuwa na kina mama wawili waliokuwa wakijaza mitungi. Wakatupa kata zao, wakaanza kunipigia kelele kwa Kikamba, wakiniita mwaitu, yaani mama, niiache nikimbie. Nikageuka. Maji yalikuwa yakija kwenye pindo la korongo, si mengi kwa kuyatazama, kimo cha magoti labda, ya rangi ya chai, yakisukuma mbele yake magogo na povu na mbuzi mmoja aliyekufa.

Nataka niseme ukweli kwa sababu ni ukweli huo ulionifanya niandike. Sikuiacha. Akili yangu ilijua kabisa la kufanya, mikono haikukubali. Katika sekunde zile sikuwaza watoto wangu watatu. Niliwaza babangu akiipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Nikawa naivuta na kulia, na maji yakanifika vifundoni, kisha miundini. Kijana mmoja, mchota maji, alijitosa, akashika usukani kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, akatuvuta sote wawili kama anayeburura ng'ombe. Tulipokanyaga ukingo, pale tulipokuwa tumesimama palikuwa pamepita gogo la mgunga lenye mizizi yake. Madaftari yote yalikwenda. Kijana yule hakunilaumu kwa neno hata moja. Aliitazama baiskeli, akaitazama tena, akaniuliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, hii ni ya dhahabu?"

Nilifika nyumbani kwa wazazi magharibi imeshaadhiniwa, nimelowa, pindo la buibui limeraruka. Nikawahadithia. Mamangu aliinua mikono, akamshukuru Mola. Babangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Breki hazikupinda?"

Sijapata kumsikia mamangu akimkaripia mumewe namna ile, tangu kuzaliwa kwangu, na sitaandika maneno yake. Babangu alitoka nje, akakaa barazani peke yake mpaka isha. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori na huwa safarini wiki nzima, alipigiwa simu usiku ule, jibu lake lilikuwa fupi: "Tafuta baiskeli unayoweza kuiacha."

Maneno yake yalikaa nami. Hata hivyo mwaka uliofuata wote niliendelea na ile ile. Kila nilipotaka kuibadilisha niliona kama namtupa babangu. Nilijipa sababu: fedha, mitihani, Ramadhani, bei za mtumba zimepanda. Nafsi ya mtu haikosi sababu. Nikaanza pia kuona maumivu ya kiuno ni jambo la kawaida, kama vile mtu aliyezoea jiko la moshi anavyoona machozi ni ya kawaida. Kilichonitoa katika hali hiyo kilikuwa kitu kidogo mno. Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 11, alitaka kujifunza kuendesha. Alipanda juu ya lile jiwe, akashindwa hata kuisimamisha, baiskeli ikamwangukia mguuni. Akasema, akijipangusa vumbi, "Mama, hii ni ya babu. Si ya watu kama sisi." Sikuwa nimefikiri hivyo. Babu aliibebea mizigo ya siku tisa. Mimi safari yangu ndefu kuliko zote ni kilomita saba, kisha sokoni, kisha madrasa siku ya Jumamosi, kisha majini. Nilikuwa natumia jahazi kuvukia mlango wa bandari.

Basi likizo ya Desemba 2024 nilishuka Mombasa kwa treni, nikaenda kwa muuzaji mmoja wa baiskeli za mtumba, zile zinazoshushwa kwa makontena kutoka ng'ambo. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ninachotaka, na dada anayefikiria kununua naye aandike, kwa kuwa rangi za baiskeli zinalevya. Kwanza, bomba la chini, ili mwenye vazi refu apande bila kurusha mguu. Pili, magurudumu ya inchi 26, kwa maana tairi zake zinapatikana hata vijijini kwetu. Tatu, karia inayobeba mtungi mmoja, si mitatu. Muuzaji alinisifia sana moja ya alumini, nyepesi kama kikapu. Niliitaka mno. Lakini fundi wa kwetu ana gesi ya kuchomelea chuma, hana ya kuchomelea alumini. Fremu ikipata ufa Kibwezi ndio mwisho wake. Nikachukua ya chuma chembamba, ya buluu, yenye gia saba nyuma, kilo moja au mbili zaidi ya ile. Ikapanda nami kwenye buti ya basi.

Fundi wetu, aliye chini ya mwarubaini karibu na soko, aliizunguka mara mbili kama mtu anayeposewa binti yake. Akasema ni baiskeli ya watoto wa mjini, spoki zake ni nyuzi, na gia zitajaa mchanga. Kuhusu gia alisema kweli: lazima nizisafishe kila Ijumaa kwa mswaki na mafuta taa, kazi ambayo ile nyeusi haikuwahi kunidai. Kisha tukazipima zote mbili kwenye mizani ya muuza nafaka wa jirani. Ya babangu, pamoja na karia yake ya kuchomelewa, ilikuwa kilo 25. Mpya ilikuwa 15. Fundi akanyamaza. Kilo kumi ni nusu mtungi wa maji. Nimekuwa nikiupandisha korongo nusu mtungi mtupu, kwenda na kurudi, kwa miaka 14.

Tatizo lililobaki lilikuwa mnyororo. Baiskeli za gia hazina boksi, na siku ya kwanza tu lilinila pindo shubiri nzima. Fundi alikata mtungi wa plastiki wa manjano, akaukunja kwa moto, akaufunga kwa nati tatu ubavuni mwa mnyororo. Si mzuri kuutazama. Wanafunzi wangu wanauita sikio la punda. Lakini tangu siku hiyo buibui langu ni salama, na ndani ya kila tairi ameweka ukanda wa tyubu kuukuu, miiba ikaanza kunipita.

Ikabaki ile nyeusi. Muuza maji mmoja alinipa bei nzuri, na fedha zile nilizihitaji. Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya babangu: nimekupa. Nilimwendea maalim wetu wa madrasa nikamuuliza. Alinieleza kuwa kitu nilichopewa hiba na nikakipokea ni milki yangu, nauza nikitaka. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii mzazi ana jambo ambalo mtoaji mwingine hana: anaweza kukirudisha alichompa mwanawe maadamu kingali mkononi mwa mwana. Kikishauzwa, mlango umefungwa. "Kwa hivyo huna lazima ya kumwomba ruhusa," akasema maalim, "ila ukiuza bila kumwambia, umemfungia mlango naye hajui kama ulikuwa wazi."

Nikaisukuma hadi kwa wazazi baada ya laasiri, saa ile ile aliyonikabidhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Babangu alikuwa barazani na tasbihi yake. Nikamwambia nimenunua nyingine. Nikamwambia bei niliyopewa na muuza maji. Nikamwambia na alivyosema maalim.

"Kwa hivyo mimi naweza kuirudisha," akasema.

"Ndiyo, baba. Leo unaweza. Kesho pengine huwezi."

"Na fedha zako?"

"Mungu ataleta."

Aliinuka kwa kushikilia nguzo. Siku hizi magoti yake hayamfikishi msikitini bila kupumzika mara mbili, na mkongojo ameukataa kwa sababu, asemavyo, mkongojo ni wa wazee. Akaishika Raleigh usukani, akaipiga kengele mara moja. Akashika breki ya mbele, akainama kuzitazama fito, pande zote mbili, kwa muda mrefu.

"Ule mto," akasema bila kuniangalia. "Siku ile. Nilikuuliza neno baya."

Sikujua la kumjibu. Nikasema, "Hazikupinda, baba."

Mamangu ananiambia kuwa tangu wiki ile hamwoni akienda msikitini mikono mitupu. Adhana ya alfajiri ikilia anaitoa baiskeli, haipandi, anaisukuma pole pole, mkono mmoja usukanini na mwingine kitini, uzito wake wote akiuegemeza juu yake. Njiani hapumziki tena. Watu wa mtaa wanajua kuwa ni yeye anayepita kwa kuwa kila akikaribia kona anapiga kengele, hata kama barabara haina mtu.